Kunga na Diwani Katika Jalada Moja

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye miaka michache baadaye alikuja kuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa jiji hili la Dar es Salaam na kisha Waziri wa Sheria, alitoa kitabu kilichobeba mambo mawili ndani ya jalada moja. Sehemu moja ilifafanua kanuni za utunzi, yaani vina, mizani, vituo na beti, pamoja na makosa yanayolitoa shairi katika ushairi. Sehemu nyingine ilikuwa mashairi yake mwenyewe. Kitabu kiliitwa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na ile "na" iliyokaa katikati ya jina ndiyo inayonishughulisha katika makala haya. Msomaji aliyetaka kujua kama sheria zile zinashika aliweza kugeuza kurasa akaziona zikifanya kazi katika beti za yuleyule aliyezieleza, na aliyeona mahali ambapo mtunzi amebanwa na sheria zake mwenyewe aliweza kumhoji akiwa na ushahidi mkononi.

Takribani robo karne baadaye, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, waliokuwa wanazuoni vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu chenye msimamo ulio kinyume na huo. Wao walishikilia kwamba vina na mizani si roho ya ushairi wa Kiswahili, bali ni sura mojawapo tu iliyojengeka katika historia, na kwamba shairi linaweza kusimama bila hivyo. Lakini ulipofika wakati wa kuipa hoja yao umbo, walimfuata Sheikh Amri hatua kwa hatua, kwani kitabu chao kinaitwa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Pande mbili zilizovutana kwa miaka mingi juu ya nini ni shairi na nini ni guni, yaani utungo uliokosa vina au mizani, zilikubaliana, bila kuambizana, juu ya jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko ugomvi wenyewe: anayedai kuujua utunzi hana budi kutoa hadharani kunga zake pamoja na kazi ambamo kunga hizo zimepatikana.

Nasema hilo ni umbo la utafiti, na ni letu. Halikutoka katika mwongozo wa chuo chochote cha ng'ambo. Hata hivyo, mwanafunzi wa leo anayetaka kusomea shahada ya umahiri au ya uzamivu katika fasihi ya Kiswahili, na ambaye swali lake haliwezi kujibiwa isipokuwa kwa kutunga, hukuta umbo hilo halina pa kukaa. Ataulizwa tatizo la utafiti, malengo mahususi, mapitio ya maandiko, pengo, mkabala wa kinadharia, usampulishaji na mbinu za kukusanya data, na akijibu kwamba data zake ni kurasa za riwaya anayoiandika, ataonekana kama mtu aliyeingia msikitini na viatu.

Yalinikuta. Miaka kadhaa iliyopita, katika chuo ambacho hakina haja ya kutajwa, niliwasilisha pendekezo la utafiti lililotaka kuchunguza namna ya kusimulia kungoja katika riwaya ya Kiswahili, na nilikuwa na sura sita za mswada zilizokwisha kuandikwa. Jopo lilikuwa la watu waungwana, na hakuna aliyenikejeli. Walinishauri tu, kwa nia njema kabisa, niuweke mswada kando kama "kazi ya ziada", nichague riwaya mbili zilizokwisha kuchapishwa, niandae hojaji kwa wasomaji na usaili kwa waandishi wawili au watatu. Nilifanya hivyo, nikahitimu. Swali nililokwenda nalo nilirudi nalo vilevile, kwa sababu halikuwa swali ambalo mwandishi mwingine angeweza kunijibia katika usaili wa saa moja.

Ukitazama majina makubwa ya fasihi yetu utaona mgawanyiko huohuo umewapitia karibu wote. Euphrase Kezilahabi aliandika tasnifu ya umahiri mwaka 1976 kuhusu riwaya za Shaaban Robert, na mwaka 1985 akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, kwa tasnifu juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Ebrahim Hussein alipata uzamivu Berlin mwaka 1975 kwa kuandika juu ya maendeleo ya tamthilia Afrika Mashariki, ilhali tamthilia yake ya Kinjeketile alikuwa amekwisha kuitoa mwaka 1969. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, alipata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Kent mwaka 1982 kwa kuchambua vigezo vya uhakiki wa hadithi za Afrika Magharibi, na akafundisha fasihi katika chuo hicho hadi alipostaafu. Wote walivikwa joho kwa yale waliyoyasema juu ya kazi za wengine.

Kwa Kezilahabi hasara ya mgawanyiko huo inaonekana waziwazi. Katika tasnifu ya 1985 alihoji jinsi fasihi ya Kiafrika inavyofasiriwa kwa misingi ya fikra za Magharibi, na hoja yake ilikwenda hadi kwenye lugha yenyewe inayotumika kufikiri na kufasiri. Tasnifu, kwa umbo lake, haikumruhusu kwenda mbele zaidi ya hapo, kwa kuwa ilibidi aiandike kwa lugha na mpangilio uleule anaoutilia shaka. Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991 ndizo zilizoendelea. Riwaya hizo fupi zinavunja mfuatano wa wakati, zinamwondoa mhusika katika nafsi moja thabiti, na zinaacha fumbo lisimame bila kufumbuliwa, na msomaji anayetoka katika tasnifu kwenda katika riwaya hizo anaona hoja ileile ikifika mahali ambapo aya za kitaaluma zisingeifikisha. Mimi nazisoma kama sura za mwisho za tasnifu ile. Wahakiki wengi wamepata shahada kwa kuzieleza, jambo linaloonyesha kwamba maarifa yamo ndani yake, maana mhakiki hachimbi mahali pasipo na kitu.

Kinjeketile nayo inanipa mfano wa aina nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1960, hapa Mlimani, kilipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, idara ya historia iliwatuma wanafunzi kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, na kazi hiyo ilibadilisha kabisa uelewa wa vita vile. Wanahistoria walikuwa wakiuliza nini kilitokea, wapi, kwa sababu gani, na nani aliongoza. Hussein, katika miaka ileile, alikuwa akiuliza jambo ambalo shahidi yeyote angeshindwa kulijibu: mtu akitamka neno linalowaunganisha watu, kisha akagundua kwamba neno hilo halikuwa kweli kwa maana aliyodhani, je, bado ni neno lake? Katika tamthilia yake Kinjeketile, mganga aliyewapa wapiganaji maji yaliyoaminiwa kuwakinga na risasi, anatakiwa ayakane maji hayo, naye anakataa, kwa kuwa anaona neno limekwisha kuzaliwa na litaishi kwa vizazi. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba mhusika wake asichukuliwe kuwa ndiye Kinjeketile wa historia. Alijua kwamba anafanya uchunguzi tofauti, wenye nidhamu yake, na chombo chake kilikuwa jukwaa.

Jirani zao wa sanaa za maonyesho hapohapo Mlimani walilitambua jambo hili mapema kuliko sisi wa fasihi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na wenzake walikwenda kuishi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza, wakazungumza nao juu ya matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana, wakatunga nao maigizo na ngoma, wakaonyesha, kisha wakakaa tena kujadili kilichoonyeshwa. Kutunga kulikuwa ndiyo njia ya kujua, na kilichojulikana kiliandikwa na kuchapishwa. Hakuna aliyewaambia waweke igizo kando kama kazi ya ziada.

Wenzetu wa ng'ambo nao wana historia yao katika suala hili, na inafaa kuijua bila kuisujudia. Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, kilikubali mwaka 1922 kwamba kazi ya sanaa inaweza kuwasilishwa kwa ajili ya shahada ya juu, na mwaka 1936 warsha yake ya waandishi ikaanzishwa rasmi. Uingereza ilichelewa, kwani shahada ya umahiri ya uandishi wa kubuni ya Chuo Kikuu cha East Anglia ilianza mwaka 1970 chini ya Malcolm Bradbury na Angus Wilson, wote wawili wakiwa waandishi wa riwaya. Baadaye uzamivu ukafuata, na ndipo lilipozuka swali kama riwaya ni utafiti au ni riwaya tu. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitenganisha utafiti kuhusu sanaa, utafiti kwa ajili ya sanaa na utafiti kupitia sanaa, na tangu hapo mjadala umekuwa ukizunguka katika vihusishi hivyo vitatu. Uzamivu wa namna hiyo, katika vyuo vya Uingereza na Australia, kwa kawaida huwa na kazi ya kubuni ikiambatana na maelezo ya kihakiki. Kwa maneno mengine, ni kunga na diwani.

Historia hiyo haikuwa safi. Wakati wa Vita Baridi fedha za Marekani zilizokuwa na mkono wa shirika la ujasusi la CIA zilipenya katika taasisi nyingi za fasihi, na Iowa haikuepuka. Nasi hazikutupita mbali. Kongamano la waandishi la Makerere la Juni 1962, ambalo bado tunalitaja kama mwanzo wa mambo mengi, liliandaliwa kwa msaada wa Congress for Cultural Freedom, taasisi iliyokuja kubainika kwamba ilifadhiliwa na CIA. Kongamano lile liliitwa la waandishi wanaotumia Kiingereza, na kwa sifa hiyo Shaaban Robert, aliyefariki mwezi uleule, hakuwa na nafasi ndani yake, kama Ngũgĩ wa Thiong'o alivyokuja kulalamika. Anayetaka kujenga taaluma ya utunzi Dar es Salaam kwa kunakili mtaala wa nje neno kwa neno aukumbuke mlango ule uliofungwa.

Na tena, warsha si kitu kigeni kwetu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa hapa Dar es Salaam mwaka 1923 chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya kikoloni, lilikuwa na nafasi ya mashairi ambamo mtunzi wa Tanga aliuliza na wa Kigoma au Lindi akajibu kwa bahari ileile na vina vilevile, na kosa la mizani likanyoshewa kidole mbele ya wasomaji wote. Ilikuwa shule kali. Aliyejibu shairi kwa shairi alilazimika kwanza kulipasua la mwenzake, aone limefumwa vipi, kabla hajafuma lake. Sijui jina jingine la kuliita zoezi hilo isipokuwa uhakiki unaofanywa kwa kutenda, na ulifanywa na makarani, walimu, mashekhe na wafanyabiashara ambao wengi wao hawakukanyaga chuo kikuu.

Lugha yenyewe inasaidia kufikiri hapa. Siku hizi tunasema "uandishi bunifu", na jina hilo limeingia hata katika Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Sina ugomvi na jina hilo, ila napenda zaidi neno la zamani, utunzi. Mtu hutunga shanga, hutunga samaki, hutunga mimba. Jipu hutunga usaha. Bunge hutunga sheria. Katika matumizi yote hayo kuna vitu vilivyokuwapo tayari vinavyopitishwa uzi mmoja, au kitu kinachojikusanya polepole ndani hadi kiwe na umbo la kutoka. "Kubuni" hubeba kisio, jambo lililotoka kichwani bila ushahidi, na nadhani sehemu ya mashaka ya majopo yetu inatokana na maana hiyo. Mtunzi hana uhuru huo wa kukisia. Amefungwa na shanga alizo nazo.

Na "kunga" ni neno zito kuliko "mbinu". Wazaramo na majirani zao wa pwani wanalifahamu kutoka unyagoni, ambako kungwi humfunda mwali mambo ambayo hayasemwi sebuleni, akitumia nyimbo, mafumbo na ngoma. Kungwi hafundishi kilichosomwa kitabuni, hufundisha alichokipitia. Ndiyo maana naona kwamba msimamizi wa tasnifu ya utunzi anapaswa kuwa mtu aliyekwisha kutunga, hata kama ana vitabu viwili tu na si profesa. Hata hivyo chuo kikuu kinaongeza sharti ambalo unyago haulitaki, nalo ni kwamba kunga zitoke hadharani. Ufundi unaobaki mikononi mwa fundi ni ufundi tu. Ukielezwa kwa namna ambayo fundi mwingine anaweza kuujaribu, kuukosoa na kuuendeleza, hapo umekuwa utafiti.

Nitoe mfano wa kunga ya namna hiyo, kutoka katika mswada wangu uleule, kwa kuwa bila mfano hoja hii itaning'inia hewani. Riwaya yenyewe inamhusu mama anayeuza chapati upande wa Magogoni, anayekwenda kila alfajiri kutazama watu wanaoshuka kwenye pantoni kutoka Kigamboni, akimtafuta mwanawe. Mwana haji. Kitabu kizima ni habari ya jambo lisilotokea.

Sasa, masimulizi ya Kiswahili hutembea kwa kiambishi -ka-. Unaanza na -li-, ukishaweka wakati wake, -ka- inachukua mzigo: aliamka, akanawa, akakanda unga, akawasha jiko, akatoka. Kila tendo linashika mkono wa lililotangulia. Msimulizi wa barazani anaweza kwenda hivyo usiku mzima bila kumchosha mtu, kwa sababu -ka- yenyewe inaahidi kwamba kuna kinachofuata. Lakini -ka- hiyo ya masimulizi haina umbo lake la kukana. Ukitaka kusema kwamba jambo halikufuata, unalazimika kukopa kwa -li-, yaani kutumia haku-: akafika gatini, akasimama, mwanawe hakushuka. Pale penye "hakushuka" mnyororo unakatika. Sarufi inaeleza hilo kwa mstari mmoja na kupita. Mtu anayeandika kurasa mia mbili juu ya mtu ambaye hakushuka hawezi kupita, maana kila alfajiri ya kitabu inaishia katika mkatiko huo, na baada ya kila mkatiko lazima aamue ataanzaje tena: kwa -li- mpya, kana kwamba siku imefutwa, au kwa -ka-, kana kwamba kutoshuka kwenyewe ni tendo lililotendeka na linaloweza kuzaa tendo jingine.

Nilijaribu njia zote mbili. Nilipoanza upya kwa -li- kila alfajiri, sura zilisomeka kama shajara, siku zikawa sawasawa, na mama akageuka kuwa mtu asiye na kumbukumbu. Niliporudi moja kwa moja katika -ka- baada ya kukana, "hakushuka, akafunga kanga, akarudi jikoni", jambo fulani lilitokea ambalo sikulipanga: kutokuja kwa mwana kukaanza kumsukuma mama kama vile kuja kwake kungemsukuma. Kukosa kukawa na nguvu ya tendo. Niliporudi kuzisoma hadithi za bibi yangu, ambazo ninazo katika daftari, nikakuta naye alifanya hivyo mara kwa mara, ila kwa kupitisha neno "basi" katikati: "hakumwona, basi akaenda zake". Ile "basi" niliyokuwa nikiiona kama pambo la wasimulizi ni kiungo kinachoshona pale -ka- ilipokatika.

Mtaalamu wa isimu mwenye mkusanyo mkubwa wa matini angeweza kuhesabu mara ambazo "basi" inakaa kati ya kukana na -ka-, na ningefurahi kuzisoma hesabu zake. Lakini asingekuwa na sababu ya kuzihesabu mpaka mtu fulani akwame mahali hapo, kwa kazi ambayo haiwezi kwenda mbele bila kulitatua tatizo hilo. Kukwama huko ndiko ninakokuita utafiti kupitia utunzi. Swali halikuwapo kabla ya mswada, na jibu halikupatikana nje yake, lakini sasa linaweza kusemwa kwa mtu ambaye hajausoma mswada na akalijaribu katika kazi yake.

Kuna pingamizi ninazoziheshimu. Ya kwanza husema kwamba tukifungua mlango huu, kila mwenye riwaya kabatini ataileta aitwe daktari. Pingamizi hii ina haki yake, na jibu langu ni kwamba riwaya nyingi, zikiwamo nzuri sana, si utafiti, wala hazihitaji kuwa hivyo. Mtunzi anaweza kuandika kazi bora kwa kutumia ufundi unaojulikana tayari, naye astahili tuzo na wasomaji, si shahada. Shahada idaiwe na yule aliyekuwa na swali lisilo na jibu, akaonyesha jinsi alivyolifuata, pamoja na rasimu alizozitupa na sababu za kuzitupa. Bila rasimu zilizotupwa sioni jopo lingejuaje kwamba kulikuwa na uchunguzi wowote.

Ya pili ni ya utahini. Watu husema uzuri wa kazi ya sanaa hauna kipimo, kwa hiyo mtahini wa nje atatoa alama kwa ladha yake. Jambo hili linanishangaza kidogo likitoka kwa watu ambao kila mwaka hutahini uhakiki, kazi ambayo nayo husimama juu ya hukumu ya msomaji mzoefu. Magwiji wa Mambo Leo waliweza kuambiana hadharani kwamba ubeti wa tatu umelegea na kwa nini. Kinachohitajika ni watahini wawili wenye tabia mbili, mmoja mtunzi na mmoja mhakiki, na kanuni kwamba wasome kazi kwanza, maelezo baadaye, ili maelezo yasije yakawafundisha kuona katika kazi kitu ambacho hakimo.

Ya tatu, kuhusu ajira na kupandishwa daraja, ni ya kiutawala zaidi, na inaweza kumalizwa na kamati yenye nia kwa kikao kimoja au viwili: mhadhiri aliyetoa diwani iliyopitiwa na wasomaji wa kitaaluma ahesabiwe kama aliyetoa makala katika jarida.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hatari iliyo upande wa pili, yaani maelezo ya kihakiki kuimeza kazi. Nimesoma tasnifu kadhaa za namna hii kutoka ng'ambo ambamo mwandishi anakimbilia wanafalsafa wa Ufaransa ili aonekane msomi, na riwaya yake mwenyewe inabaki imesimama mlangoni kama mgeni. Sheikh Amri hakufanya hivyo. Maelezo yake yanazungumza lugha ya fundi, yanataja kipande na kina kwa jina, na mtu anayejifunza anaweza kuyatumia usiku uleule. Kama Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Mlimani, ambamo Idara ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 1970 iliunganishwa, au idara yoyote ya vyuo vyetu, itaamua siku moja kuandika mwongozo wa tasnifu ya utunzi, ningependa mwongozo huo utungwe baada ya kamati kuvisoma vitabu viwili nilivyoanza navyo, na uandikwe kwa Kiswahili tangu rasimu ya kwanza, kwa kuwa istilahi za ufundi huu tunazo: kunga, kina, kituo, kipokeo, mkarara, mtiririko, guni, msuko. Zile za nathari ni chache zaidi, na sehemu kubwa ya kazi ya watafiti wa kwanza itakuwa kuzipa majina kunga ambazo wasimulizi wetu wamekuwa wakizitumia bila kuzitaja.

Mswada wangu umefika sura ya tisa. Ile "basi" ya bibi imenisaidia hadi mwisho wa sura ya saba, lakini katika sura ya nane mama anaanza kusimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza, na hapo "basi" inasikika kama mtu aliyekwisha kukubali, ilhali yeye hajakubali. Nimeiondoa mara tatu na kuirudisha mara mbili. Rasimu zote tano nimezihifadhi, na nimeandika pembeni ya kila moja tarehe na sababu, kwa ajili ya yeyote atakayetaka kuanzia hapo.